Alamu ya nyumbani isiyo na ada ya mwezi, inayonipigia mwenyewe: Mombasa hii nichukue ipi?

BintiTudor | Jumapili, saa 3:20 usiku

Hamjambo wadau. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo imebidi niandike. Ijumaa nimerudi kutoka kazini jioni nikakuta tivii hakuna, laptopu hakuna, mtungi wa gesi wa kilo sita hakuna. Vitunguu vyangu vimemwagwa sakafuni na kikapu chake hakipo. Nadhani ndicho walichobebea mtungi, wakapita nacho mtaani kama watu watokao sokoni Kongowea.

Nakaa Tudor, nyumba ya kupanga, vyumba viwili, ghorofa ya chini. Ni mimi na mwanangu wa miaka tisa. Asubuhi tunatoka sote, yeye hurudi saa tisa na nusu, mimi saa kumi na mbili jioni. Nimeripoti kituoni, nimepewa nambari ya OB.

Sasa nataka alamu. Kampuni moja ya ulinzi imenitajia ada ya kila mwezi ambayo nikiilipa, mtoto ataacha madrasa na mimi nitaacha chai. Nataka ile ya kununua mara moja basi, ikilia inanitafuta mimi mwenyewe kwenye simu. Nimezunguka maduka matatu Moi Avenue: wa kwanza ananiuzia ya waifai, wa pili ya laini ya simu, wa tatu anasema alamu ni mambo ya kizamani nichukue kamera. Bajeti elfu ishirini, nikijibana sana ishirini na tano. Nisaidieni.

KizingoPwani | Jumapili, saa 3:41 usiku

Pole sana dada. Mimi nakwambia kamera mbili na maisha yaendelee. Utamwona mwizi hadi makunyanzi.

FundiWaya | Jumapili, saa 4:02 usiku

Kamera itakuonyesha mwizi akitoka na mtungi. Dada anataka mtungi ubaki.

BintiTudor, pole. Kabla hatujataja aina yoyote nijibu matatu. Waliingilia wapi? Stima ikipotea hapo kwenu, ruta yako inabaki hai? Na la tatu ndilo hasa: simu ikikulilia uko kazini, nani atafika mlangoni pako ndani ya dakika tano?

BintiTudor | Jumapili, saa 4:15 usiku

Hapo kwa kuingia ndipo hata polisi walikuna kichwa. Vyuma vya madirisha vizima. Dari zima. Mlango niliukuta umefungwa kwa ufunguo kama nilivyouacha.

Ruta inakufa stima ikipotea. Kazini ni Mtwapa, na mnalijua Daraja la Nyali saa za jioni, naweza kukaa hapo saa nzima nikitazama maji. Wa kufika haraka labda Mzee wa juu yangu, mstaafu wa bandarini. Hushinda nyumbani, saa nyingi amekaa kwenye ngazi na redio yake. Ijumaa alikuwa msikitini.

FundiWaya | Jumapili, saa 4:23 usiku

Mlango umefungwa kwa ufunguo, tena kutoka nje. Dada, badilisha kitasa kwanza. Kesho. Kitasa kizuri ni pesa kidogo kuliko alamu yoyote utakayonunua.

BintiTudor | Jumapili, saa 4:30 usiku

Mkataba unasema nisibadilishe chochote bila ruhusa ya mwenye nyumba. Nimempigia, amesema atakuja kuona. Tuendelee na alamu tafadhali.

Nahodha_Likoni | Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Nasimulia kisa changu ili mtu asirudie. Nina alamu ya laini tangu mwaka juzi, nilinunua kwa elfu kumi na moja. Nzuri, inalia mpaka kunguru wanahama. Mwaka jana tulikwenda harusi Lamu siku nne, tumerudi tumekuta mlango wa nyuma umetenguliwa, pampu ya maji imekwenda na redio imekwenda. Majirani wanasema king'ora kililia vizuri sana, walidhani tumo ndani tunaijaribu kama kawaida yetu. Na mimi simu yangu haikulia hata mara moja.

Unajua ni nini? Salio. Laini ya kwenye kisanduku haikuwa na shilingi. Niliiweka siku ya kufunga nikasahau kwamba nayo ni laini, inakula kama zangu na zako.

KizingoPwani | Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Nahodha umenichekesha na msiba wako, nisamehe.

Nahodha_Likoni | Jumatatu, saa 1:07 asubuhi

Cheka tu. Mke wangu bado anacheka.

FundiWaya | Jumatatu, saa 2:10 usiku

Nimetoka kazini sasa, nitaandika kwa urefu, chukua kahawa.

Alamu ya kujisimamia ni vitu vinne: sensa inayoona, kisanduku kinachoamua, king'ora kinachopiga kelele, na njia ya kukutafuta wewe. Dukani watu hutazama vitatu vya kwanza. Kisa cha Nahodha kinatokana na cha nne, na wateja wangu wengi wanaolia hulia kwa hicho cha nne.

Ya waifai pekee, kwako, sishauri. Stima ikikatika ruta inalala. Kisanduku kina betri ndani, king'ora kitalia, lakini wewe uko Mtwapa na habari huna. Mnakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima? Kuna nyumba zilikaa giza hadi siku ya pili. Usiku kama ule ndio mwizi anaungoja, na usiku kama ule alamu ya waifai bila betri ya ruta ni pambo la ukuta. Pili, arifa ya programu kwenye simu ni kitu dhaifu. Simu nyingi za Android zina tabia ya kuzima programu kimyakimya ili kuokoa betri. Utaiona arifa saa sita baadaye ukifungua simu kutazama kitu kingine. Ukitumia programu, ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi muda wote, kisha ijaribu simu ikiwa imelala kwa saa mbili, sio ikiwa mkononi mwako.

Ya laini hupiga simu kabisa. Hata ukiwa na mulika mwizi ya vitufe italia, na jina la mpigaji litakuwa lile uliloandika wewe, mimi wangu nimeuita NYUMBANI MWIZI. Nambari kadhaa huhifadhiwa ndani, usipopokea hupiga ya pili, ya tatu. Toa pini ya laini ukiwa bado umeitia kwenye simu, la sivyo kisanduku kitaingoja pini milele. Weka salio la kutosha na uiandike tarehe ya kuongeza pale unapoandika ya tokeni za stima. Kama unaweza, laini iwe ya mtandao tofauti na unaotumia kwa intaneti, mmoja ukianguka mwingine umesimama.

Siku hizi vipo visanduku vyenye vyote viwili, waifai na laini ya 4G, na kwa bajeti yako unavipata. Hapo ndipo ningekaa.

Sasa sensa. Za bei ya chini hutumia mawimbi ya megahezi 433, na nyingi hutuma msimbo ule ule mmoja mwaka mzima. Wale mafundi wanaonakili rimoti za mageti kwa dakika mbili wanaweza kunakili na rimoti yako kwa dakika hizo hizo. Tena sensa hizo husema tu, hazisikii. Betri ikifa, kisanduku hakina habari, kinaona nyumba imetulia. Za juu, kama Ajax ya Ukraine au AX Pro ya Hikvision, huongea pande mbili: kisanduku huiita sensa kila baada ya muda mfupi, isipoitika unaambiwa, na mtu akivuruga mawimbi unaambiwa pia. Ni nzuri, ninazifunga Nyali, lakini hazimo kwenye elfu ishirini na tano zako ukiongeza sensa na king'ora. Sitakudanganya.

Kwa hiyo ukichukua ya 433, rimoti ifute kabisa kwenye kisanduku na uifungie kabatini. Tumia kibao cha nambari au simu. Msimbo usiorushwa hewani hauna wa kuunakili.

BintiTudor | Jumatatu, saa 2:48 usiku

Fundi, Mungu akuzidishie. Muuzaji alinisifia rimoti nne bure.

DukaLaUlinzi_MSA | Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Habari zenu wateja wapendwa!!! Tunazo alamu ORIJINO za 4G, ufungaji bure kisiwani na Nyali, wahi kabla hazijaisha, njoo inboksi.

MsimamiziJukwaa | Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Biashara ina jukwaa lake. Ujumbe mwingine kama huu hapa nitaufuta na wewe nitakupumzisha wiki.

MzeeBaraza | Jumanne, saa 11:10 jioni

Wanangu, nami nina langu. Nyumba yangu iko Mji wa Kale, ya mawe na chokaa, ukuta ukinyoosha mkono dirishani hufiki nje. Mjukuu wangu aliniletea alamu hizi za gundi. Sensa ya chumba cha nyuma na kisanduku cha sebuleni hazikuonana kabisa. Ukuta mmoja tu katikati, lakini ukuta wenyewe ni wa matumbawe tangu enzi za babu. Ikabidi kisanduku kihamie ukumbini, penye mlango wa kwenda kila chumba.

Gundi nayo, subhanallah. Chokaa inatoa unga, joto la Machi linayeyusha kilichobaki. Saa nane za usiku sumaku ya mlango, ile inayoamsha alamu ikitengana na mwenzake, imeanguka yenyewe, king'ora hicho. Mtaa mzima uko dirishani na mimi niko barazani na shuka naomba radhi.

Na mlango wangu ni wa nakshi, mabawa mawili. Fundi alikuja na drili yake nikamwambia ukiutoboa huu nakutoboa wewe. Tukakubaliana sumaku ikae ndani, sehemu ya kisanduku chake kwenye fremu ya mbao ya baadaye, na sumaku yenyewe kwenye ubawa usio na mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya wa mabawa. Milango hii hufungukia ndani, na ubawa wenye mfaa hauwezi kwenda popote mwenzake hajafunguka. Kwa hiyo sumaku moja inatosha mlango mzima. Fundi hakuyajua hayo, nilimfundisha mimi.

FundiWaya | Jumanne, saa 1:30 usiku

Mzee, hiyo ya mfaa naichukua. Shikamoo.

MzeeBaraza | Jumanne, saa 1:44 usiku

Marahaba. Usimtoze mteja kwa hiyo.

BombaBombolulu | Jumatano, saa 5:15 asubuhi

Mbona hakuna aliyetaja wezi wa ndoana? Kwetu Bombolulu mwizi haingii. Anakuja na mti mrefu wenye ndoano, anaupitisha kwenye vyuma vya dirisha ukiwa umelala na dirisha wazi kwa joto, anavua suruali yako na simu iliyomo mfukoni kama avuaye changu. Alamu ya mlango itamfanya nini huyo?

FundiWaya | Jumatano, saa 1:20 usiku

Haitamfanya kitu, na sensa ya kawaida ya chumbani nayo huwezi kuiwasha ukiwa umelala ndani, utaigonga wewe mwenyewe ukienda chooni. Ipo sensa inayoitwa ya pazia. Inatazama mstari mwembamba tu, inafungwa juu ya dirisha ikitazama chini kando ya ukuta, ule mkono au kichwa kikivuka, inalia. Ndoano yenyewe ni baridi, inaweza kupita bila kuonekana, lakini mkono unaoishika ukiingia unaonekana. Wavu wa mbu wa waya ulioshonwa kwenye fremu ni bora zaidi na ni rahisi. Na suruali itundikwe mbali na dirisha, jamani.

Hapa niseme la joto, maana Mombasa si mahali sensa hizi zilipofikiriwa. Sensa ya mwendo haioni mwendo. Inaona tofauti ya joto inayohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ngozi ya mtu ni kama nyuzi thelathini na tatu hivi. Chumba chako Februari mchana, madirisha yamefungwa, kiko wapi? Hapo hapo. Mtu anayeyuka ndani ya ukuta. Ndiyo maana sensa inayoshika mita kumi dukani penye baridi ya mashine, nyumbani Februari inashika nne. Chukua zilizoandikwa kwamba zinajirekebisha kwa joto, na zijaribu saa nane mchana, sio usiku. Ifunge kwenye kona, mita mbili na kidogo kutoka chini, mahali ambapo mwizi atakatiza mbele yake. Akiijia moja kwa moja inachelewa kumwona.

Pangaboi halina kosa lenyewe, wengi hulisingizia. Kosa ni pazia lililopigwa na jua kisha pangaboi au upepo wa kusi ukalipeperusha. Usielekeze sensa dirishani.

KizingoPwani | Jumatano, saa 2:02 usiku

Na mijusi?

FundiWaya | Jumatano, saa 2:09 usiku

Ah, mijusi. Nusu ya simu ninazopigiwa usiku ni mijusi. Mjusi mbali ni mdogo, hana neno. Mjusi akitembea juu ya kioo cha sensa yenyewe anaonekana kama mtu mzima amepita. Usifunge sensa karibu na taa: taa inaita wadudu, wadudu wanaita mijusi. Tundu la waya nyuma ya sensa liziba kwa silikoni, la sivyo watafanya makao humo, na sisimizi watawafuata. Nimefungua king'ora kimoja Shanzu nikakuta mayai manne ya mjusi na ubao umekula kutu kijani kibichi kwa chumvi ya bahari. Kingekuwa cha nje, tungesema hewa, kilikuwa sebuleni. Walio karibu na pwani wafungue vifuniko kila miezi mitatu wafute ncha za betri.

KizingoPwani | Alhamisi, saa 3:30 asubuhi

Mimi niliyesema kamera nakiri nina kisa. Kaka yangu aliyeko Marekani alinitumia seti nzuri ya alamu, boksi lenyewe ungelila. Adapta yake ilikuwa ya volti 120, nikaichomeka kwenye 240 zetu. Ilitoa moshi mmoja, basi. Nikanunua adapta nyingine. Ikawaka, lakini laini yake ya ndani ni ya mitandao ya huko na inataka ada ya huko, hapa ni kipande cha plastiki. Nilipotaka sensa ya ziada, za hapa kwetu hazikuongea nayo, masafa mengine. Sasa ni king'ora tu cha waifai. Mwambieni kaka yenu atume pesa.

NipoDoha | Alhamisi, saa 7:00 mchana

Salaam kutoka Doha. Mama yangu yuko Mikindani peke yake, mimi ndiye ninayepigiwa. Nimekaa na alamu ya kujisimamia miaka mitatu na nimejifunza kwa kuumia. Saa zetu na za Mombasa ni sawa, hilo limenisaidia. Binamu yangu wa Toronto ilibidi ajitoe kwenye orodha, alikuwa anapigiwa akiwa usingizini na wezi wako mchana.

Mwanzo nilijiweka nambari ya kwanza. Upuuzi. Kisanduku kikipiga simu ya nje kinakula salio kama moto wa makuti, na mimi nikishapokea nafanya nini? Nampigia jirani. Basi jirani apigiwe na kisanduku chenyewe. Sasa nambari ya kwanza ni jirani wa ukuta mmoja, ya pili mjomba anayeendesha tuktuk, na mimi napata ujumbe tu kwenye programu.

Kabla ya kununua niliandika majina matatu kwenye karatasi, nikaenda likizo nikawaketisha chini. Kwamba king'ora kikilia wasiingie ndani. Wasimame nje, watie taa, waite majina, wapige 999 au 112 na waseme mtaa na alama ya karibu. Na kwamba wasipige kelele za mwizi ovyo, maana mnajua hapa kwetu umati ukifika na mawe hakuna anayeuliza kwanza, na aliyemo ndani anaweza kuwa mpwa wako amesahau nambari. Jirani mmoja alikataa, akasema ana moyo. Nikamshukuru, bora alivyosema mapema. Ungekosa majina hayo matatu, ningekwambia lipa ile ada ya kampuni, kwa sababu unacholipia pale ni gari lenye watu wanaokuja.

Na mama nilimwekea kitufe cha dharura shingoni. Anakitumia kuniita tukigombana.

BintiTudor | Alhamisi, saa 2:35 usiku

NipoDoha, umenifanya nipande juu usiku huu huu kuongea na Mzee. Nilidhani ataona ni usumbufu. Amesema alikuwa lindo bandarini miaka kumi kabla hajahamishiwa ghalani, ameniuliza king'ora kina sauti gani ili asikichanganye na cha gari. Mkewe amesema yeye ndiye atakayepiga 999, kwa sababu Mzee akishika simu husalimia kwanza.

Swali langu la mwisho: mtoto. Anaingia peke yake saa tisa na nusu.

FundiWaya | Alhamisi, saa 3:12 usiku

Mpe nambari yake ya siri, tofauti na yako. Mlango ukifunguka weka subira ya sekunde thelathini kabla ya king'ora, kibao kiwe kimo chake cha kufikia. Visanduku vingi hukuletea ujumbe wa nani amezima, kwa hiyo utajua amefika bila kumpigia. Mfundishe siku ya Jumamosi mpaka achoke. Ukiwa na dada wa kazi siku za mbele, naye yake, na siku anapoondoka unaifuta.

BintiTudor | wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa 5:40 asubuhi

Nimerudi kutoa ripoti, sipendi nyuzi zinazoishia hewani.

Nimechukua kisanduku cha laini ya 4G na waifai, betri ndani, sensa mbili za mwendo, sumaku mbili, king'ora cha ndani. Elfu kumi na tisa na mia tano baada ya kuomba. Dukani nilimwambia muuzaji azime swichi ya ukutani na atoe ruta, kisha afungue sumaku. Alinitazama kama nimemtukana. Duka la kwanza ilinyamaza. La pili ikanipigia, nikanunua hapo.

Rimoti zote nne nimezifuta. Sensa ya sebuleni nilikosea, niliielekeza dirishani, siku ya pili pazia likanitoa kazini. Sasa iko kona ya mlango wa jikoni, inatazama ukumbi kwa ubavu. Saa nane mchana Jumapili nilitembea mbele yake: mita tano na nusu. Inatosha, nyumba yenyewe si uwanja.

Mtoto alisahau nambari mara moja. Mzee alishuka kwa kikoi na fimbo, dakika moja na nusu. Mtoto amekuwa shujaa darasani.

FundiWaya | Jumamosi, saa 6:15 mchana

Mashallah. Na kitasa?

BintiTudor | Jumamosi, saa 6:20 mchana

Mwenye nyumba bado anakuja kuona.

BintiTudor | miezi miwili baadaye, Jumanne, saa 8:05 mchana

Wadau. Mikono inatetemeka kidogo, mtanisamehe makosa.

Leo saa tano na dakika kumi asubuhi niko kazini, simu inaita. NYUMBANI MWIZI. Mtoto yuko shule. Ujumbe unasema mlango wa mbele umefunguliwa, kisha sensa ya ukumbini. Kabla sijampigia Mzee, mkewe ananipigia: Mzee ameshashuka, na yeye mke ameshapiga 999.

Mzee alisimama uwanjani kama tulivyokubaliana, akaita. Aliyetoka ni msimamizi wa ploti, amejiziba masikio kwa mikono miwili. Ufunguo bado uko mlangoni, unaning'inia. Amesema alikuja kusoma mita ya maji.

Mita ya maji iko nje, kando ya tangi. Mzee alimwonyesha kwa fimbo.

Simtuhumu mtu. Polisi walikuja, wameandika, wameondoka naye kwenda kuzungumza. Mwenye nyumba nimempigia, safari hii amepokea mlio wa kwanza.

Nahodha_Likoni | Jumanne, saa 8:11 mchana

La haula. Na salio lilikuwepo!

FundiWaya | Jumanne, saa 8:14 mchana

Sisemi kitu. Kitasa leo, dada. Leo.

BintiTudor | Jumanne, saa 11:50 jioni

Fundi wa kitasa yuko mlangoni sasa hivi, anatoboa. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na kwa pesa zake. Mzee amekaa kwenye ngazi, redio ameizima, anahesabu funguo mpya zikitoka kwenye pakiti. Ziko tatu. Moja yangu, moja ya mtoto, ya tatu ameshaitia kwenye kamba ya tasbihi yake.